Maghala ya kahawa ya Bukoba na kazi inayoyasubiri

Jengo la kukoboa kahawa hujengwa kwa kufuata safari ya punje. Kahawa ya maganda huingia upande mmoja ikiwa kwenye magunia, hupandishwa juu kwa mashine, kisha hushuka yenyewe hatua kwa hatua: husafishwa mawe na vumbi, hukobolewa, punje hupepetwa na kupangwa madaraja kwa ukubwa na uzito, mpaka zifike chini zikiwa kahawa safi inayosubiri kushonewa gunia. Ndiyo maana majengo haya yana paa la juu sana, nguzo nzito, sakafu ya zege inayobeba tani nyingi katika eneo dogo, na jukwaa la kupakilia lililoinuliwa lifikie bodi ya lori. Pembeni yake huwa kuna maghala yenye kuta nene na madirisha madogo yaliyopangwa juu kabisa, karibu na paa, ili kahawa ipate hewa bila kupigwa jua na bila kumpa mwizi njia.

Bukoba ni mji uliokua kwa majengo ya namna hiyo. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani hapa mwaka 1890, kahawa ilikuwa tayari kitu cha heshima kwa Wahaya, ikichemshwa, ikikaushwa, na kutafunwa pamoja na mgeni kabla ya kuulizana habari. Karne ya 20 iliifanya kuwa zao la kulipia kodi, ada za shule na mabati ya nyumba. Meli ziliipeleka Mwanza na Kisumu, wafanyabiashara wa Kiasia wakajenga maduka yenye stoo nyuma, na mwaka 1950 wakulima wakapata chama chao kikuu, Bukoba Native Cooperative Union, ambacho ndicho mzazi wa chama kikuu cha leo, KCU. Mji ukapata kiwanda cha kukoboa kinachojulikana kwa jina la BUKOP, bandari ya Kemondo ikashika mizigo, na katika miaka ya 1960 ikaanzishwa TANICA, kiwanda cha kahawa inayoyeyuka kwenye maji ya moto.

Mwaka 1994 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na hao wakaja na mashine zao na maghala yao. Kahawa iliyokuwa ikipita mlango mmoja ikagawanyika. Baadaye, kuanzia 2018, serikali ilirudisha mauzo kwenye vyama vya msingi, AMCOS, lakini nafasi iliyojengwa kwa ajili ya zao zima la Bukoba na Muleba haikurudi kuwa ya lazima kama zamani. Mji wenyewe nao umeongezeka. Manispaa ya Bukoba, yenye kata 14, Miembeni ikiwa mojawapo, ilihesabiwa watu zaidi ya 140,000 katika sensa ya 2022, na mkoa wa Kagera karibu milioni 3. Swali linalostahili kuulizwa sasa ni kama majengo ya kahawa yanaweza kuwa mahali pa kazi pa kizazi hiki, na kwa njia gani.

Nasema yanaweza. Ila kila ninapoangalia mifano ya Afrika Mashariki naona jambo hilohilo: majengo yaliyofanikiwa kubadilishwa yalianza na watu waliokwishahitaji nafasi, wakaingia kwa gharama ndogo, kwenye jengo ambalo mwenyewe alijulikana. Michoro mizuri na fedha nyingi vilikuja baadaye, na mara nyingine vilipokuja vilileta matatizo mapya. Bukoba ikianza na mchoro itakwama. Ikianza na umiliki, paa na wapangaji wa kwanza, itafika.

Tuwatazame hao wapangaji. Kijana wa Miembeni, Bilele au Kashai anayetafuta mahali pa kazi huambiwa kitu kimoja na kila dalali: fremu. Fremu ni chumba kimoja mbele ya nyumba ya mtu, mlango wa geti la chuma, sakafu ya saruji, taa moja, soketi moja, kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Choo kiko nyuma, cha wapangaji wote. Fundi cherehani anaweza kuishi ndani ya fremu, muuza vocha pia. Lakini fundi samani mwenye msumeno wa umeme hawezi, kwa kuwa fezi tatu haipo na jirani hatavumilia kelele. Wachora ramani watatu wanaotaka meza kubwa hawatoshi humo. Na mwanamke anayefungasha kahawa ya kusaga, vanila au senene wa kukaanga ndiye aliyebanwa kuliko wote.

Huyo wa mwisho ndiye ningeanza naye. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya shirika la viwango, TBS, na alama ya ubora haitolewi kwa kuonja bidhaa peke yake; jengo linakaguliwa. Wakaguzi wanataka sakafu inayooshika, kuta zisizomeza unyevu, maji ya bomba, sehemu ya kubadilishia nguo, njia ya malighafi isiyokutana na njia ya bidhaa iliyokamilika. Mjasiriamali wa Kagera anayekaanga senene jikoni kwake wakati wa msimu, akawapakia kwenye kopo la plastiki lenye lebo nzuri, hukwama hapo. Kumjengea chumba cha aina hiyo peke yake ni gharama ambayo hataipata maisha yake yote. Ila watu 10 wakigawana chumba kimoja kilichokaguliwa, kwa zamu na kwa ratiba, hesabu inabadilika. Ghala la kahawa, lenye sakafu yake ngumu, jukwaa la lori na umeme mkubwa wa kiwandani, liko karibu zaidi na mahitaji hayo kuliko jengo lolote jipya la ghorofa mjini.

Ndiyo maana nasita ninaposikia maneno "ofisi za kisasa" yakimaanisha meza ndefu, viti vya kuzunguka, intaneti na mashine ya kahawa pembeni. Nafasi hiyo ina watu wake. Wahasibu wanaojitegemea, watengeneza video, wanaoandika programu, wanafunzi watakaotoka kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya Kagera, wote watahitaji meza na umeme wa uhakika. Wapewe ghorofa ya juu, upande wenye mwanga. Lakini sakafu ya chini, ile iliyojengwa kubeba tani za magunia, ni ya watu wenye mizani, majiko, cherehani na misumeno. Kuweka kompyuta mpakato kwenye sakafu hiyo na kumwacha fundi samani barabarani ni kupoteza nguvu ambayo wazazi wetu waliilipia.

Tuje kwenye umiliki, ambao ndio mgumu kuliko yote. Majengo ya zamani ya biashara Bukoba yamepitia mikono mingi kwa amri za serikali, na kila amri imeacha karatasi zake. Mwaka 1971 sheria ya utwaaji wa majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi zikiwa za Waasia, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, mali zao zikaenda kwa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha vyama, na mali zikaanza kurudi pamoja na madeni. Kisha Karagwe wakawa na chama chao, KDCU, huku KCU ikibaki na Bukoba, Muleba na Missenyi. Kwa hiyo maghala mawili yaliyotengana kwa uzio mmoja yanaweza kuwa moja la ushirika, jingine la shirika la umma, na kiwanja cha jirani kikawa na historia yake ya peke yake ya hati.

Mpangaji mwenye akili haweki fedha kwenye jengo lisilo na hati safi. Benki pia haiweki. Na mwanasheria wa mtu yeyote atakayetaka kukarabati ataanza kwa kuuliza swali ambalo wanachama wenyewe wanapaswa kuwa wamelijibu kabla: nani anasaini?

Kwa jengo la ushirika, jibu liko kwenye Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya mwisho juu ya mali, ukomo wa madeni ya chama hupangwa na mkutano huo na kuidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika inasimamia. Kuna watu wanaona utaratibu huu ni mlolongo wa kuchelewesha maendeleo. Siwaungi mkono. Mwanachama wa AMCOS kule Kamachumu, ambaye babu yake alikatwa senti kwa kila kilo ili ghala lijengwe, hatakaa hata siku moja kwenye meza ya kukodi mjini. Haki yake pekee ni kura ile. Akiambiwa ghala limepangishwa kwa miaka 33 kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona, kwa kodi ambayo hakuwahi kuisikia, atakuwa ameibiwa kwa karatasi halali.

Kwa sababu hiyo kuuza kusiwe kwenye ajenda kabisa. Upangishaji wa muda wa kati, miaka saba mpaka kumi, unampa mpangaji muda wa kurudisha alichowekeza na unamwachia mkulima jengo mwishoni. Kodi igawanywe wazi: sehemu iende kwenye mfuko wa matengenezo wa jengo lenyewe, sehemu irudi kwa vyama vya msingi na isomwe kwenye mkutano mkuu kwa sauti, kwa shilingi. Kagera inajua vizuri ubaya wa mkulima anayebanwa na shida mpaka anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, ile biashara ya butura iliyopigwa vita miaka na miaka na bado ikarudi. Chama chenye mapato ya pango kati ya misimu kinaweza kumkopesha mwanachama kidogo mwezi wa Februari. Kwangu hiyo ni sababu nzito ya kugeuza ghala kuliko sura mpya ya mji.

Kuna watakaosema majengo haya yalindwe kama urithi, na nina huruma nao. Lakini sheria haiko upande wao kama wanavyofikiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Bukoba yenyewe kama mji haikuwapo mwaka huo. Hakuna jengo la kahawa hapa linalolindwa kwa umri wake. Lazima waziri alitangaze, moja baada ya jingine. Duka Kubwa na majengo mengine ya enzi ya Wajerumani yanasimulia historia ya wageni na yana watetezi wake. Maghala ya ushirika yana historia ya Wahaya kujipangia bei yao wenyewe, na watetezi wake ni wachache. Kitakachoyalinda ni kutumika. Jengo lenye wapangaji wanaolipa halibomolewi usiku.

Zanzibar imelithibitisha hilo kwa pande zote mbili. Jumba la zahanati la Tharia Topan, lililoanza kujengwa mwaka 1887, lilikuwa limechakaa vibaya kabla ya Aga Khan Trust for Culture kulikarabati katika miaka ya 1990 na kuliwekea ofisi na maduka. Jumba la Forodha la zamani lilipata chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, na sauti za kinanda na udi zikaliweka hai kwa miaka. Jumba la Beit al Ajaib, kubwa na maarufu kuliko yote mawili, lilikaa likisubiri mpaka sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa ndio unaendelea.

Nairobi ndiyo yenye mfano ulio karibu zaidi na wetu. Mwaka 2003, chini ya uongozi wa Joy Mboya, ghala la Dunga Road pembezoni mwa eneo la viwanda lilifunguliwa kuwa The GoDown Arts Centre. Wasanii walipata studio, wacheza dansi wakapata ukumbi, wapiga picha wakapata mahali pa kukutana na wateja. Ghala lilibaki na sura ya ghala. Kodi ndogo ndiyo iliyowaita watu, na watu ndio waliolipatia ghala jina. Baadaye jina hilo lilizaa mpango mkubwa wa kituo kipya, kilichobuniwa pamoja na wasanifu wa Sweden, White Arkitekter, na maghala yale yakapisha. Kituo kipya ni ndoto nzuri na ninaitakia heri. Hata hivyo mtu wa Bukoba ajifunze kutoka hatua ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo anayoweza kuilipia.

Dar es Salaam, Nafasi Art Space ilifuata njia hiyohiyo kuanzia 2008 katika eneo la viwanda vidogo Mikocheni, ikitumia ghala kwa maonyesho na makontena ya meli kwa studio. Kampala, kwenye Fifth Street ya eneo la viwanda, Design Hub iliweka meza za kazi na karakana chini ya paa la ghala. Moshi, KNCU, chama kilichoanzishwa mwaka 1933, kilifungua Union Café kwenye jengo lake la zamani mjini, kikikaanga kahawa ya wanachama na kuiuza kikombe kwa kikombe. Huo wa mwisho una somo kwa KCU moja kwa moja: ushirika unaweza kuwa mwenye nyumba na mpangaji wa kwanza kwa wakati mmoja.

Wapenzi wa miradi mikubwa huleta mfano wa Cape Town, ambako ghala la nafaka la 1924 lilichongwa ndani na kuwa jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, likafunguliwa mwaka 2017 na hoteli juu yake. Ni kazi ya ajabu. Iko pia katikati ya V&A Waterfront, bandari inayopokea watalii kwa mamilioni, ambayo faida ya maduka na hoteli zake inaweza kubeba jumba la sanaa. Bukoba haina mwenye mfuko wa aina hiyo na haimhitaji. Mwandishi wa Marekani Jane Jacobs alieleza mwaka 1961 kwamba shughuli changa huota kwenye majengo ya zamani kwa sababu gharama zake za ujenzi zilikwishalipwa. Ukilikarabati mpaka likawa ghali kama jipya, umeondoa sababu ya watu wapya kuja.

Sasa hesabu, kwa mfano tu. Chukua ghala la mita 40 kwa 20, yaani mita za mraba 800. Toa njia, vyoo na ngazi, zibaki 500 za kupangisha. Weka kodi ya shilingi 5,000 kwa mita moja kwa mwezi. Nafasi yote ikijaa na wote wakilipa, mwaka unaleta shilingi milioni 30. Paa lenye mteremko litakuwa kama mita 900. Kwa shilingi 40,000 kwa kila mita, bati jipya na kenchi zilizooza vinakula milioni 36 kabla hujagusa umeme, maji wala ukuta. Ukisema ukope milioni 200 ufanye yote kwa pamoja, riba ya benki zetu ni takriban asilimia 15 kwa mwaka, nayo inakuwa milioni 30. Kodi yote imekwenda kwenye riba na mtaji haujaguswa. Badilisha namba upendavyo. Mpaka kodi ya Bukoba ifikie ya Masaki, Dar es Salaam, mkopo mkubwa utaimeza nyumba. Njia iliyobaki ni kukarabati sehemu moja, kuijaza, na kodi yake ifungue ya pili.

Njia hiyo ya polepole ina mtihani mmoja usiovumilia polepole. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Zaidi ya watu 15 walikufa, maelfu ya nyumba yakapasuka au kuanguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu. Wengi waliokufa waliangukiwa na kuta. Ukuta wa tofali za kuchoma usio na lenta ya zege kuuzunguka juu, na usiofungwa na paa, huyumba peke yake na kulala. Ghala ndilo jengo lenye kuta ndefu kuliko mengine, zisizo na vyumba vya kati vya kuzishika. Magunia yakiwa ndani, ukuta ukianguka usiku tunapoteza kahawa. Wakiwa ndani mafundi 80 saa nane mchana, ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kodi ya kwanza, mhandisi wa majengo apite na nyundo na kipimo, kila ufa wa 2016 uchorwe, hata uliopakwa plasta na chokaa. Lenta izungushwe juu ya kuta, kenchi zifungwe kwayo kwa vyuma, na kuta ndefu zishikwe kwa nguzo za chuma upande wa ndani. Hapa kuna bahati: vyumba vya wapangaji vikijengwa kama fremu ya chuma iliyosimama yenyewe ndani ya ghala, fremu hiyohiyo inaweza kushika kuta. Fedha moja inafanya kazi mbili. Paa nalo likaguliwe kwa jicho jingine, maana majengo ya umma ya miaka ya 1960 na 1970 mengi yaliezekwa kwa asbestosi, na vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi. Kuling'oa kunahitaji wataalamu na kibali cha baraza la mazingira, NEMC. Si kazi ya vibarua wenye nyundo. Na stoo zilizowahi kuhifadhi dawa za mimea zisigeuzwe jiko la mtu kabla sakafu haijapimwa.

Umeme ni jambo fupi lakini zito. Kwa miaka mingi Bukoba imetumia umeme wa kutoka Uganda, na kila fundi wa redio anajua kazi anayoletewa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Paa la ghala ni uwanja mpana wa kuweka paneli za jua. Kenchi zikiimarishwa kwa ajili ya tetemeko, ziimarishwe pia kwa uzito wa paneli, na kila mpangaji awe na mita yake ya Luku.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko yote. Mzee aliyefanya kazi kiwandani atauliza kwa nini tunageuza kiwanda kuwa vyumba wakati nchi inasema inataka viwanda. Amekaa akiona mashine zikinyamaza na vijana wakipanda boti kwenda Mwanza kutafuta kazi. Ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba palipo na kahawa ya kukoboa, pakobolewe. TANICA ibaki kiwanda cha kahawa. Mashine inayofanya kazi isisogezwe hata inchi moja kwa ajili ya meza ya kukodi. Tunachozungumzia ni nafasi iliyozidi. Na mafundi 80 wenye misumeno, majiko na cherehani chini ya paa moja nao ni kiwanda, ingawa hawana bosi mmoja wala king'ora cha saa moja asubuhi.

Mzee huyohuyo ataikumbuka meli ya MV Victoria. Iliingia ziwani mwaka 1961, ikasimama 2014, na wapo waliodhani imekwisha. Ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ganda la zamani, mitambo mipya, na abiria wa Bukoba wakapata tena kulala safarini na kuamkia Mwanza. Hakuna aliyelalamika kwamba si meli ileile.

Kazi ya wanawake waliokuwa wakichambua punje kwa mkono, mezani, siku nzima, nayo isipotee kwenye hesabu. Macho yao yalitofautisha punje nyeusi, iliyovunjika na iliyotobolewa na mdudu kwa kasi ambayo mgeni haamini. Chumba cha kwanza cha sakafu ya chini kingefaa kuwa maabara ya kuonja na kupanga madaraja ya robusta, kwa kushirikiana na watafiti wa kahawa wa Maruku, na walimu wa kwanza wawe hao. Mkulima wa Muleba aje na kilo mbili za sampuli, aondoke na karatasi inayosema kahawa yake ina thamani gani kabla mnunuzi hajamwambia.

Imebaki ratiba, na ratiba ya Bukoba hupangwa na mvua. Mji huu hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, masika yakiwa mazito kuliko vuli, na hata Januari haikauki sawasawa. Miezi ya kuezua paa bila hofu ni Juni mpaka Agosti, nayo ndiyo miezi ambayo kahawa inavunwa na maghala yanahitajika. Ghala zima halitapatikana tupu wakati wa jua. Paa litabadilishwa kipande kwa kipande, magunia yakihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mafundi wakifuata nyuma ya wapakiaji. Mkutano mkuu ukipitisha uamuzi kabla ya Machi, mhandisi atapata masika yote ya kuona paa linavuja wapi hasa, na Juni kipande cha kwanza kitaezuliwa kikiwa na jina la mpangaji wake kwenye mkataba.